Kidonda Kisichovimba

Kwenye mtaa ule, mtu aliyetaka kochi lake kuukuu lirudi ujanani hakuuliza mara mbili. Alielekezwa kwa Shazia. Jina hilo alipewa na wateja, kwa ajili ya shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia isiyomtoka mkononi, na lilimkaa hadi mumewe mwenyewe akaacha kumwita vinginevyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza na mzaha wa papo kwa papo. Alipoingia kwenye kazi ya kuvisha makochi, wanaume waliokuwa wakiifanya walimcheka waziwazi. Mwanamke atavuta turubai? Alivuta. Alivuta mpaka baadhi ya wale waliomcheka wakaanza kumletea, kwa mlango wa nyuma, kazi zilizowashinda.

Karakana ilikuwa chumba kirefu kinachotazama barabara, chenye harufu ya gundi na sponji mpya. Mbele, penye mwanga, alikaa Shazia na makochi yake yaliyovuliwa nguo. Pembeni alikaa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mfupi mwenye ulimi usio na breki, ambaye ndiye aliyeendesha cherehani. Uani alikuwa mumewe, Seremala, akitengeneza fremu. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Dada yake alidai kwamba mama yao aligawa maneno yote kwa mabinti, zamu ya mwana ilipofika akapewa randa.

Mikono ndiyo ilikuwa mtaji wa Shazia. Kwa hiyo ilipoanza kumsaliti hakumwambia mtu.

Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu. Aliamka na vidole vigumu kama vya sanamu, vifundo vimetuna, na akishika kikombe alikishika kwa mikono miwili kama mtoto. Alizoea kuwahi karakana kabla ya wengine, akatia mikono kwenye ndoo ya maji ya moto mpaka vidole vikubali kukunjika. Siku moja wifi yake aliwahi pia. Akamkuta amejikunyata juu ya ndoo, machozi yanadondokea majini.

"Wifi, hii ni baridi yabisi. Nenda hospitali."

"Nikapange foleni nikaambiwe nipumzishe mikono? Nikiipumzisha tutakula sponji?"

Alikwenda duka la dawa la pale kona. Muuza dawa, kijana mchangamfu aliyemjua kila mtu kwa maradhi yake, hakuuliza sana. Alimpa vidonge vidogo vyeupe, akasema, "Hivi vitakuamsha, mama."

Vikamwamsha kweli. Kabla wiki haijaisha Shazia alikuwa akivuta kitambaa kwa koleo na kuimba. Vifundo vilinywea, maumivu yakayeyuka, na usingizi ukawa mtamu. Akamwapisha wifi yake palepale kati ya marobota ya vitambaa: "Usimwambie kaka yako. Akijua, atanitoa kazini. Na wateja wakisikia mikono ya Shazia ina ugonjwa, kesho wako kwa mwingine. Funika kombe."

Wifi yake aliapa. Alimpenda, na alikuwa ameyaona yale machozi.

Miezi ikapita. Vidonge vikakaa ndani ya kopo la misumari, chini ya misumari. Uso wa Shazia ukaanza kuwa mviringo, mashavu yakajaa, shingo ikanenepa nyuma. Wateja wakamtania kwamba ndoa imemkubali. Seremala akisikia hivyo alitabasamu uani peke yake, maana mume gani hapendi kusifiwa kwa mashavu ya mkewe? Shazia alicheka nao. Hakuona haja ya kueleza kwamba mashavu yale aliyanunua dukani. Alichogundua yeye, na hakumwambia hata wifi yake, ni kwamba siku akichelewa kumeza alijisikia kama mtu aliyechomolewa waya: miguu inalegea, kichefuchefu, dunia inakaa mbali. Basi akahakikisha hachelewi.

Ndipo lilipoletwa kochi moja zee la watu watatu, zito kama dhambi. Ndani yake mlikuwa na springi za zamani zilizoshikwa na kutu na kamba iliyooza. Shazia alipiga magoti, akatia mkono wa kushoto chini ya springi ili aikate kamba. Kamba ikakatika kabla ya mkasi kuifikia. Springi ikaruka, ncha yake ikaingia kwenye kiganja, pale penye mnofu chini ya dole gumba, ikazama.

Wifi yake alipiga kelele mpaka cherehani ya jirani ikanyamaza. Seremala alikuja mbio, penseli bado iko sikioni. Alimkuta mkewe ameshaichomoa mwenyewe na ameuinua mkono juu, damu inatiririka hadi kwenye kiwiko.

"Imekosa mfupa," alisema Shazia. "Msinitolee macho, sijafa."

Walimpeleka zahanati. Muuguzi alikiosha kidonda, akamchoma sindano ya pepopunda, akampa vidonge vya kuzuia wadudu na kumfunga bandeji. Akamwambia neno moja ambalo Shazia alilishika kama amri: "Ukiona mkono umevimba, umekuwa mwekundu au wa moto, rudi haraka."

Mkono haukuvimba.

Kila asubuhi Shazia alifungua bandeji, akautazama, akaunusa, akaufunga tena. Hakukuwa na uvimbe, wala joto, wala wekundu. Maumivu yenyewe yalikuwa ya kubembeleza tu, kama mtu anayekumbusha jambo kwa adabu. Siku ya tatu alirudi kazini, akiulaza ule mkono juu ya kitambaa kama uzani wa kukibana.

"Mnaona damu yangu ilivyo safi?" alijigamba. "Wengine wangekuwa wamelazwa."

Seremala alifurahi. Wifi yake hakufurahi. Yeye mwenyewe aliwahi kudungwa kidole na sindano ya cherehani, sindano safi isiyo na kutu, na kidole kikatuna kama nyanya, kikapwita usiku kucha, kisha kikapona. Hili la sasa halikumkaa sawa.

"Wifi, chuma chenye kutu kimekutoboa kiganja kizima, na mkono umetulia kama wa maiti."

"Mdomo wako!"

"Nasema ninachokiona. Kidonda gani hakina hata hasira?"

Kidonda chenyewe hakikufunga. Kingo zake zilikuwa nyeupe, zimelainika kama karatasi iliyoloa. Ngozi ya pembeni ikawa nyembamba, ukiigusa inateleza kama ganda la kitunguu. Katikati pakabaki tundu, na kwenye tundu pakawa panatoka maji, si usaha, maji tu, ya kijivu kidogo. Dole gumba likaanza kugoma kukunjika. Vidonge vya zahanati vilikwisha na maji hayakwisha. Wifi yake akasema warudi. Shazia akamjibu kwamba muuguzi alisema arudi ukivimba. Sasa akaonyeshe nini, mkono usiovimba?

Akaongeza kidonge kimoja cheupe, kwa sababu alijisikia mchovu.

Siku walipopeleka lile kochi kwa mwenyewe, Seremala alishika upande mmoja na mchukuzi upande wa pili, Shazia akafuata nyuma na mito. Walipofika kwenye ngazi, Seremala alisikia mito ikianguka, mmoja baada ya mwingine, laini, kama vishindo vya paka. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, mdomo mkavu, macho yanatafuta pa kutua.

"Nimechoka tu," alisema. "Wekeni kochi kwanza."

Hawakuweka kochi kwanza. Waliliacha ngazini.

Hospitali kubwa ilimpokea mchana ule. Daktari kijana wa zamu alimpima joto: la kawaida. Presha ilikuwa chini. Aliufungua mkono, akaugeuza huku na huku, akaona tundu dogo lililotulia. Hakuona la kumtisha.

"Unatumia dawa yoyote nyumbani, mama?"

"Hapana," alisema Shazia.

"Hata za kununua dukani?"

Seremala alikuwa amesimama upande mmoja wa kitanda, wifi upande wa pili. Shazia alimtazama wifi yake usoni, akamtazama kwa muda.

"Hata hizo."

Wifi aliinamisha kichwa, akatazama sakafu.

Wakamtundikia maji ya chumvi, wakamlaza ili aangaliwe. Kopo la misumari lilibaki karakana, na vidonge ndani yake.

Kesho yake asubuhi hakuwa Shazia yule. Alitapika alichokunywa, na kilipokwisha akatapika hewa. Jasho lilimtoka baridi. Tumbo lilimuuma, mgongo ulimuuma, na sauti ile ya kukwaruza ikashuka hadi ikawa pumzi. Maji ya chumvi yaliingia chupa baada ya chupa, presha ikakataa kupanda. Muuguzi alipima, akapima tena, akaenda kwa hatua za haraka. Seremala alisimama dirishani akikunja na kukunjua kofia yake mpaka ukingo ukachanika.

Aliyekuja ni daktari wa upasuaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakusalimia kwa kirefu. Aliushika ule mkono mtulivu, akaweka kidole gumba chake juu ya kifundo cha mkono, mbali kabisa na kidonda, akabonyeza kuelekea kiganjani taratibu.

Maji ya kijivu yakamiminika kwenye tundu. Yakamwagika kwenye shuka, yakaendelea.

Wifi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Uchafu umeshatambaa ndani mpaka huku," alisema daktari. "Mkono wenye uchafu kiasi hiki ulipaswa kuwa umevimba kama mkate. Ulipaswa kuwaka moto." Aliinua macho, akamtazama mgonjwa: mashavu yale ya mviringo, shingo ile, mikono myembamba yenye madoa ya damu chini ya ngozi. Kisha akawatazama wale wawili. "Kuna kitu hamniambii. Na sina muda wa kukitafuta. Nikimpeleka akachanwe bila kukijua, huenda asiamke."

Seremala hakuelewa hata swali. Alimtazama daktari, akamtazama dada yake, akaona uso wa dada yake unabadilika.

Shazia alitikisa kichwa kwenye mto. Kidogo tu, ila wifi yake aliona.

"Anameza vidonge," alisema wifi. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Vyeupe, vidogo. Vya mikono. Vya duka la kona. Ni zaidi ya mwaka sasa, kila siku."

"Mara ya mwisho amemeza lini?"

"Jana asubuhi. Kabla ya kupeleka kochi."

Daktari hakusubiri la pili. Alimgeukia muuguzi, akataja dawa ya sindano na kiasi chake, akasema, "Sasa hivi, kwenye mshipa." Kisha akamwambia Seremala, kwa upole wa haraka, kwamba mkewe alikuwa anakufa kwa kukosa kitu ambacho hakuna aliyejua anakitegemea.

Shazia alikuwa akimtazama wifi yake. Hakuwa na nguvu ya kusema, lakini macho yalisema, na hayakusema mazuri.

Wifi alimwinamia, akamwambia sikioni, "Nichukie. Ila nichukie ukiwa hai."

Dawa ileile iliyomponza ndiyo iliyomwokoa saa ile. Presha ilipanda polepole, kama mzee anayepanda mlima, na ilipokubali kukaa wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Walimchana kuanzia kiganjani kupita kifundo cha mkono. Walisafisha uchafu uliokuwa umefuata mishipa ya kukunjia vidole, wakatoa nyama iliyokufa, wakaacha kidonda wazi. Nje kwenye benchi walikaa ndugu wawili. Mwishowe Seremala alisema, "Ulijua." Dada yake akasema, "Nilijua." Kaka yake hakumwinukia wala hakumlaani. Alihamia mwisho wa benchi, akakaa huko, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

Siku kadhaa baadaye, Shazia alipoweza kukaa, daktari alivuta kiti. Seremala alikuwepo. Wifi alikuwepo pia, amesimama mlangoni na chupa ya chai, maana Shazia alikuwa hajamsemesha tangu siku ile na yeye hakujua kama anaruhusiwa kuingia.

"Nataka uelewe," alisema daktari, "kwa sababu kazi iliyobaki ni yako, si yangu. Mwili ukitobolewa na kitu kichafu, nyama iliyoumia inatoa ishara. Mishipa midogo ya damu ya pale inatanuka, inavuja maji, na chembe nyeupe za damu zinapenya kwenye kuta za mishipa zinaingia kwenye jeraha. Ule uvimbe, ule moto, yale maumivu, watu wanadhani ndio ugonjwa. Ni kazi inayoendelea. Chembe zinazofika kwanza zinaua vijidudu, na zenyewe zinakufa palepale. Usaha una mizoga yao."

"Mizoga," alirudia Shazia, akakunja uso.

"Nyuma yake zinakuja nyingine, kubwa zaidi. Hizo zinakula wadudu waliobaki, zinakula mizoga ya wenzao, zinakula nyama iliyokufa. Na zikishasafisha, nyingi zinabadilika. Zinaacha kupigana, zinaanza kuita chembe za kujenga: nyuzi mpya, mishipa mipya, ngozi. Pasiposafishwa hapajengeki."

"Na vile vidonge?" aliuliza Seremala. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa siku nyingi.

"Vilizuia mlango. Damu yake tulipoipima, chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kawaida. Zimejaa humo, zinazunguka, hazipati ishara ya kutoka. Wadudu wakakuta nyumba haina mwenyewe. Ndiyo maana hukuona uvimbe. Hukuwa na damu safi, mama. Hukuwa na mlinzi mlangoni."

Shazia alitazama bandeji yake, nene kama mto wa mtoto. "Na vidole vyangu vya asubuhi? Vile vinavyovimba vyenyewe bila kutobolewa?"

"Ni chembe za ukoo huohuo. Zimekosea. Zinashambulia viungo vyako zikidhani ni adui. Huko zinatakiwa zitulizwe. Hapa kiganjani zinatakiwa zifanye kazi. Huo ndio mtihani wetu. Na vidonge hatuwezi kuvikata ghafla, umeona yaliyokupata. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza kitu cha aina hiyo kwa ajili ya mwili. Ulipoleta cha dukani, zikalala. Tutapunguza kidogo kidogo mpaka ziamke. Maumivu ya vidole yatarudi kabla kidonda hakijafunga. Sitakudanganya."

"Kwa hiyo," alisema Shazia taratibu, "hao walionivunja vidole ndio haohao watakaonifunga kidonda?"

"Ni wa ukoo mmoja."

"Basi ni kama ndugu wa mume," alisema Shazia, akatupa jicho mlangoni.

Wifi yake alicheka, kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio, na chai ikamwagikia kanga ya mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Kupatana kukawa kumeanza. Kidonda kilikuwa bado.

Waliporudi nyumbani, Seremala ndiye aliyekifunga. Muuguzi alimfundisha, na kila asubuhi kabla ya kushika randa alinawa mikono hadi viwikoni, akafungua bandeji, akatoa shashi ya jana, kile kitambaa chepesi cha ndani, akasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akalaza shashi mpya bila kuishindilia. Kidonda kilikuwa kirefu, wazi, na chini yake palikuwa na rangi ya mafuta baridi. Alikitazama kila siku kama anavyotazama mbao kabla ya kukata. Hakikusogea. Vidonge vilipunguzwa, vikapunguzwa tena. Kidonda kikabaki vilevile, na vidole vikarudi.

Vilirudi na ghadhabu za mwaka mzima. Mkono wa kulia, ule mzima, ulivimba vifundo vyote. Goti nalo likajiunga. Shazia hakuweza kufunga kifungo, hakuweza kuchana nywele, hakuweza kuinua kijiko bila kuuma meno. Wifi yake alimvisha, akamchana, akamlisha, akijaribu mzaha ambao haukushika. Hospitali walimpa dawa ya maumivu, na ilifanya kazi kama mwavuli kwenye mafuriko. Ile dawa ya kutuliza viungo kwa muda mrefu, daktari alisema, asingeianza mpaka uchafu wote uwe umekwisha na kidonda kimeshika njia. Asubiri. Neno hilo lilimchosha kuliko maumivu.

Mchana mmoja, wifi akiwa kwenye cherehani na Seremala akiwa uani, Shazia alitoka. Alitembea hadi kona kwa hatua za kuburura.

Muuza dawa alimwona kwa mbali, akafurahi. "Mama Shazia! Umepotea!" Hata salamu haikuwa imekwisha, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye rafu na kurudi. Pakiti ikawa mezani.

"Nilikuwa nimelazwa," alisema Shazia.

"Pole sana. Ndiyo umeacha kumeza?"

Aliitazama pakiti. Alijua kabisa kwamba akimeza viwili pale dukani, jioni ile angefunga vifungo vyake mwenyewe. Alijua pia kwamba mlango wa wale walinzi wa kidonda ungefungwa pamoja navyo. Alilipa. Akatia pakiti mfukoni, akarudi nyumbani, na njia ile fupi ikamwia ndefu, maana kila aliyemwona alimsimamisha kumpa pole.

Alifika akamkuta Seremala anamsubiri na bakuli la maji ya chumvi. Asubuhi ile alikuwa na mteja, hakukifunga kidonda. Sasa ndio alitaka kukifunga. Shazia aliketi, akanyoosha mkono. Pakiti ilimchoma pajani.

Seremala alifungua. Alitoa shashi, na safari hii shashi haikutoka kirahisi, ilikuwa imeshika. Shazia aliguna. Mumewe akalowesha, akavuta polepole, ikatoka. Kisha akabaki ameinama juu ya kidonda.

"Kuna nini?" Shazia aliuliza. "Kimeoza?"

"Njoo huku kwenye mwanga."

Alimvuta hadi mlangoni. Chini ya kidonda, ambapo palikuwa na rangi ya mafuta baridi, palikuwa na chembechembe nyekundu, ndogo, zinazong'aa, kama mbegu zilizomwagwa. Kati yake palitoka damu, tone moja safi. Kingo zilikuwa zimepata wekundu. Seremala aliweka mgongo wa kidole chake karibu na ngozi.

"Pana joto," alisema. "Panauma?"

"Panauma sana."

"Panauma sana!" alirudia Seremala, na mtu yule wa maneno machache akapaza sauti mpaka uani kukaitika. "Dada! Njoo uone! Panauma!"

Wifi alikuja mbio akidhani mtu anakufa. Alitazama, akashika kifua, akasema, "Kumbe kimekumbuka kazi."

Ndipo Shazia alipotoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya meza kando ya bakuli.

Uso wa wifi ulimwiva. Seremala aliangalia ile pakiti, akaona haijafunguliwa, akachukua shashi mpya akaendelea kufunga.

"Siwezi kukuambia usimeze," alisema alipofika kwenye fundo la mwisho. "Si mimi ninayeumwa. Mimi nitafunga tu, kila siku, kiwe kinakwenda mbele au nyuma."

Shazia alilia pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimkasirikia muuza dawa, akaikasirikia mikono yake, akamkasirikia mume asiyejua hata kugombeza. Hakumeza. Wala hakuvitupa, maana hakuwa na uhakika na nafsi yake. Alimpa wifi yake avishike, na siku mbili tatu zilizofuata alimwomba tena kwa matusi, wifi akamrudishia matusi bila vidonge. Zamu ya kliniki ilipofika, Shazia aliiweka pakiti ileile mbele ya daktari. Daktari aliigeuza, akasoma, akaitia kwenye droo yake bila hotuba.

Kidonda kilichukua muda mrefu kujaa, kutoka chini kwenda juu, kama kisima kinavyojaa. Kilipoelekea kufunga walimwanzishia dawa ya viungo, ya kumeza mara moja kwa wiki na kupimwa damu kila baada ya muda. Haikumwamsha kwa muujiza. Ilimtoa kwenye shimo ngazi kwa ngazi. Mashavu yakashuka, na watu walewale waliomsifia sasa wakamuuliza kama kuna matatizo nyumbani.

Dole gumba la kushoto halikunjiki sawasawa hadi leo. Kovu limelivuta. Hawezi tena kushika kitambaa kwa mkono huo na kushona kwa mwingine, kwa hiyo kushona kwa mkono kumekuwa kazi ya wifi, na Shazia anapima, anakata, na kusimama nyuma yake akitoa makosa mpaka wifi anatishia kuhama.

Wateja wanaouliza anawaambia wazi kwamba mikono yake ina ugonjwa. Bibi mmoja aliyekuwa ameleta viti sita alisikia hivyo, akaita mchukuzi, akaviondoa vyote. Shazia alimsaidia kufungua mlango. Mwingine, aliyekuwa amekaa anasubiri zamu yake, alitaka tu kujua kochi lake litakuwa tayari lini.

"Ijumaa," alisema Shazia.

"Jumatatu," alisema wifi bila kuinua macho kwenye sindano. "Anayeshona ni mimi."

Yule mteja aliwatazama wote wawili, akasema atarudi Jumatatu.